Kanzidata ya Mazoezi: Namna ya Kujaribu na Kufundishia Mfumo wa Biashara bila Kugusa Hesabu za Kweli

Mwongozo huu unamlenga mhasibu, meneja au fundi wa kompyuta katika biashara ya kati yenye mfumo wa mauzo, stoo na hesabu, ambaye anahitaji mahali pa kujaribia mambo mapya na kufundishia wafanyakazi wapya pasipo kuchafua vitabu. Mifano yake mingi nimeichukua kwenye biashara ya vifaa vya ujenzi, kwa sababu tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016 biashara hiyo imekua sana hapa jijini, na maduka yaliyokuwa yakiendeshwa kwa daftari la mikopo sasa yana stoo Kizota, duka Majengo na mhasibu anayetakiwa kuziona sehemu zote mbili kwenye skrini moja.

Desturi iliyozoeleka ni kujaribu ndani ya kanzidata ya kazi, yaani hifadhi ya data ambayo mfumo huitumia kila siku. Mtu huunda mteja anayeitwa "Jaribio", humuuzia mifuko miwili ya saruji, huangalia risiti ilivyotoka, kisha hufuta muamala. Tatizo ni kwamba mifumo mingi ya hesabu haifuti bali hubatilisha: namba ya ankara imeshatumika, bidhaa imetoka stoo na kurudi kwa tarehe nyingine, na kama mfumo umeunganishwa na VFD, yaani programu inayotuma risiti za kodi moja kwa moja kwa Mamlaka ya Mapato (TRA), risiti imeshafika huko. Mkaguzi akija miezi minane baadaye atauliza ankara ile ilikwenda wapi, na aliyejaribu atakuwa amehamia kazi nyingine.

Dawa yake ni kanzidata ya pili yenye muundo uleule, bidhaa zilezile na haki zilezile za watumiaji, iliyotengwa na ile ya kazi. Kuitengeneza ni kazi ya muda mfupi. Kuitenga ndiyo kazi yenyewe. Kanzidata iliyorejeshwa kutoka kwenye nakala rudufu (backup) huamka ikiwa na funguo zote za ile ya asili, yaani akaunti ya kutuma SMS, vibali vya VFD, namba za simu za wateja na ratiba ya kutuma madai kila Jumatatu asubuhi. Haijui kwamba ni nakala. Kwa hiyo naomba msomaji asiruke hatua ya tatu hata kama ana haraka.

Hatua ya kwanza: Amua itakaa wapi

Unaweza kuiweka kwenye seva ileile ya kazi kwa jina tofauti, au ukaiweka kwenye kompyuta nyingine. Njia ya kwanza haina gharama, lakini mazoezi mazito, kama vile kufunga mwaka au kutoa ripoti ya miaka mitatu, huichosha seva wakati keshia ana foleni ya wateja. Isitoshe, mtu akikosea jina la kanzidata wakati wa kurejesha nakala, kosa lake linatua moja kwa moja kwenye vitabu vya kweli. Napendelea njia ya pili. Kompyuta ya mezani ya zamani yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 huwatosha watu watatu au wanne wanaojifunza, ilimradi diski yake iwe na nafasi angalau mara tatu ya ukubwa wa kanzidata: sehemu moja ya faili la nakala rudufu, ya pili ya kanzidata yenyewe, na ya tatu ya nakala safi nitakayoieleza mbele.

Kabla ya kusakinisha, soma masharti ya leseni, kwa kuwa baadhi ya wauzaji huruhusu usakinishaji wa pili kwa ajili ya majaribio na wengine hudai malipo ya ziada. Programu ya hesabu ya Tally isiyo na leseni, kwa mfano, hufunguka katika hali ya kujifunzia ambayo hukubali tarehe chache tu za mwezi, hivyo inafaa kuonyeshea menyu lakini haifai kurudia siku halisi ya kazi.

Hatua ya pili: Rejesha nakala rudufu kwa jina jingine

Usinakili mafaili ya kanzidata kwa mkono huku watu wakiendelea kuuza, kwa sababu utapata nakala iliyokatika katikati ya miamala na huenda isifunguke kabisa. Anza na nakala rudufu ya jana usiku. Njia hii ina faida ya pembeni ambayo kwangu inalipia kazi yote: utafahamu kama nakala rudufu zako zinarejesheka. Zipo ofisi ambazo diski ya nje imekuwa ikipokea faili kila usiku kwa miaka, na hakuna aliyewahi kulifungua hata moja.

Utaratibu hutofautiana kulingana na kinachobeba data yako, na kila kimoja kina mtego wake.

Kwenye Microsoft SQL Server, unaporejesha faili la .bak, andika jina jipya la kanzidata, kisha badilisha pia mahali na majina ya mafaili mawili yanayobeba data na kumbukumbu za miamala, kwa maana nakala hukumbuka yalikokuwa ya asili. Kisanduku cha kuandika juu ya kanzidata iliyopo kiache wazi, bila alama. Ukikuta kwamba kurejesha kunagoma, soma ujumbe wa hitilafu. Usikimbilie kuweka alama kwenye kisanduku hicho ili kazi ipite.

Kwenye MySQL au MariaDB mtego ni mbaya zaidi kwa sababu hauonekani. Nakala iliyotolewa kwa mysqldump ikiwa na chaguo la --databases hubeba ndani yake jina la kanzidata ya asili pamoja na amri ya kuhamia humo. Ukiirejesha kwenye seva ileile ukidhani unajaza kanzidata ya mazoezi, itafuta majedwali ya kazi na kuyajaza data ya jana usiku, na mauzo ya leo yatakuwa yamepotea bila onyo lolote. Toa nakala bila chaguo hilo, au fungua mistari ya mwanzo ya faili uisome kabla ya kurejesha chochote.

Kwenye PostgreSQL, pg_dump haina tabia hiyo ikitumiwa kwa namna ya kawaida: unaunda kanzidata tupu kwa createdb, kisha unarejesha ndani yake. Hata hivyo, mifumo kama Odoo huweka viambatisho, yaani picha za bidhaa na ankara za wasambazaji zilizoskaniwa, katika folda iliyo nje ya kanzidata, na folda hiyo usipoihamisha mazoezi yatajaa picha zilizokatika.

QuickBooks ya kompyuta ni nyepesi zaidi: rejesha faili la .QBB na ulipe faili jipya la .QBW jina lenye neno MAZOEZI. Kumbuka tu kwamba jina linaloonekana juu ya dirisha ni jina la kampuni lililo ndani ya faili, nalo litabaki lilelile mpaka ulibadilishe.

Hatua ya tatu: Kata nyaya kabla mtu yeyote hajaingia

Hatua hii ifanyike kompyuta ya mazoezi ikiwa imechomolewa kwenye mtandao, na programu ya mfumo ikiwa haijawashwa, kwa sababu kazi za ratiba huanza kukimbia dakika ileile mfumo unapowaka. Chukua karatasi uorodheshe kila mahali ambapo mfumo wako unazungumza na dunia ya nje, kisha uende ukizima kimoja baada ya kingine.

Anza na VFD. Risiti ya kikodi ikishatumwa TRA haifutwi kwa kubonyeza kitufe. Huingia katika mauzo ya siku, na VAT ya asilimia 18 iliyomo ndani yake itasubiri katika ritani utakayowasilisha kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwanafunzi mmoja anayejifunza kuuza nondo za shilingi milioni tano, kwa mauzo ambayo hayakuwahi kuwapo, anaweza kukuachia wiki nzima ya barua na maelezo. Ondoa vibali vya VFD kutoka kwenye mipangilio ya kanzidata ya mazoezi, na usiridhike na kuzima tu. Aliyekuunganishia mfumo aulizwe kama ana njia ya majaribio ya kutumia badala yake. Wanaotumia mashine ya EFD, yaani mashine ya kutolea risiti za kodi, iliyochomekwa kwa waya wana kazi rahisi zaidi: mashine isiguse kompyuta ya mazoezi, basi.

Fuata na SMS na barua pepe. Futa jina la mtumiaji na nenosiri la mtoa huduma wa SMS, halafu badilisha namba za simu za wateja wote ziwe namba moja ya simu ya ofisini. Huu ni ulinzi wa ngazi mbili, kwa kuwa wa kwanza ukishindwa, ujumbe wa "Ndugu mteja, deni lako limepita siku 60" utalia kwenye droo ya mhasibu badala ya kumfikia mkandarasi aliyekwisha kulipa juzi.

Malipo ya simu na benki yazimwe kwa namna ileile. Kazi za ratiba zizimwe zote bila kuchagua, na utawasha moja moja utakapohitaji kuijaribu. Miongoni mwa hizo imo moja ambayo watu huisahau: ratiba ya kutoa nakala rudufu. Nakala uliyorejesha imekuja na ratiba yake, inayoelekeza kwenye folda ileile ya mtandao na jina lilelile la faili. Ukiiacha, kanzidata ya mazoezi itaandika juu ya nakala rudufu za kweli kila usiku, na hutajua mpaka siku utakayozihitaji.

Odoo, kuanzia toleo la 16, ina chaguo la kuipooza kanzidata wakati wa kuinakili au kuirejesha, ambalo huzima barua pepe zinazotoka na kazi za ratiba. Litumie, lakini usilitegemee peke yake, kwa sababu moduli ya VFD iliyoandikwa na fundi wa hapa nchini haitapoozwa isipokuwa fundi huyo aliandika maelekezo ya kuipooza.

Mwisho ni printa. Printa ya risiti iliyo kaunta isionekane kabisa kwenye kompyuta ya mazoezi. Kipimo cha kwamba nyaya zimekatika ni hiki: rudisha mtandao, uza kitu kimoja, tuma dai moja, subiri robo saa, kisha angalia simu ya ofisini, akaunti ya SMS kwa mtoa huduma, na orodha ya risiti zilizotumwa. Kote kuwe kimya.

Hatua ya nne: Ivalishe sura tofauti

Mtumiaji mwenye haraka hasomi jina lililo juu ya dirisha. Badilisha rangi ya mfumo mzima, na kama mfumo hauruhusu, badilisha picha ya nyuma ya kompyuta iwe nyekundu. Jina la kampuni liwe na neno MAZOEZI mbele, na ankara, hati za kupokelea mizigo na risiti zote ziwe na maandishi makubwa ya "MAZOEZI, SI HALALI KWA MALIPO" yanayokatiza ukurasa. Namba za ankara zianze na herufi tofauti, mathalani MZ, ili karatasi ikipatikana mezani baada ya mwezi ijulikane ilikotoka.

Manenosiri nayo yawe tofauti na yale ya kazi. Vidole vya keshia vimezoea, na akikuta nenosiri lake la kila siku limekataliwa ndipo atakapoinua macho na kugundua yuko wapi. Hatari iliyo kinyume chake ni kubwa zaidi: keshia anayeuza mchana kutwa katika kanzidata ya mazoezi akidhani ni ya kazi, mizigo imeondoka kwa gari, fedha ziko kwenye droo, na vitabu vya kweli havina kitu. Kwa sababu hiyo, ikoni ya kanzidata ya mazoezi isiwekwe kabisa kwenye kompyuta ya kaunta.

Hatua ya tano: Funika taarifa za watu

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi zilizokusanyiwa, na jina la mteja haliachi kuwa jina la mteja kwa sababu limo kwenye nakala ya kufundishia. Badilisha majina yawe "Mteja 0001", "Mteja 0002" na kuendelea. Namba za TIN zibadilishwe lakini zibaki na tarakimu tisa ili ukaguzi wa umbo la namba uendelee kufanya kazi, na namba za NIDA zibaki na tarakimu ishirini. Andika maelekezo hayo yote katika faili moja la amri ulihifadhi, kwa sababu utalirudia kila unapoleta nakala mpya.

Mishahara inahitaji uangalifu wa pekee. Hakuna sababu ya mtunza stoo anayejifunza kupokea mizigo kujua meneja analipwa kiasi gani. Hata hivyo, usiijaze yote kwa kiwango kimoja, kwa maana utakuwa umeua jaribio la PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara. Weka mfanyakazi wa kubuni ambaye kipato chake cha kutozwa kodi, baada ya kutoa mchango wake wa mfuko wa hifadhi ya jamii, ni shilingi 270,000 kamili kwa mwezi, ambaye mfumo haupaswi kumkata chochote. Weka mwingine anayezidi kidogo hapo, na mmoja katika kila ngazi inayofuata. Makosa ya hesabu hujificha mipakani mwa ngazi.

Hatua ya sita: Weka mwanzo unaojulikana

Toa urari (orodha ya salio za akaunti zote), orodha ya wadaiwa, orodha ya wadai na thamani ya stoo ya kanzidata ya mazoezi kabla mtu hajaingiza chochote, uzichape na uziweke kwenye faili. Kisha toa nakala rudufu ya hali hiyo. Hiyo ndiyo nakala safi, na kila kundi jipya la wanafunzi litaanza nayo, ili mwalimu aweze kusema mapema kwamba mwisho wa zoezi la tatu salio la stoo litakuwa kiasi fulani, na asiyelipata ajue amekosea wapi.

Hatua ya saba: Jaribu kwa siku halisi ya kazi

Miamala ya kubuni huwa laini mno. Aliyebuni huuza vipande kumi kwa bei ya duara, na mfumo hupita. Chukua badala yake karatasi zote za siku moja ya kazi iliyopita, ikiwezekana siku yenye vurugu kama Jumamosi ya mwisho wa mwezi, uziingize upya kwa mpangilio uleule, kisha ulinganishe jumla za jioni na zile zilizopatikana siku yenyewe. Hapo ndipo vipimo, punguzo, mikopo na marejesho hukutana.

Chukua mfano wa nondo za milimita 12, ambazo hununuliwa kwa tani na kuuzwa kwa kipande. Mita moja ya nondo hiyo ina uzito wa kilo 0.888, kwa hiyo kipande cha mita 12 kina kilo 10.66 hivi, na tani moja hutoa vipande 94. Katika stoo moja ya Kizota nilimsikia mtunza stoo, mtu mzima, akimuuliza kijana aliyekuja kufundisha mfumo: "Mwanangu, hiyo tani yako ina vipande vingapi?" Kijana akajibu, "Mzee, mfumo unasema tisini na vinne." Mzee akacheka, akamwambia, "Twende tukahesabu." Vilizidi tisini na vinne, kwa sababu nondo nyingine huja nyembamba kidogo kuliko kipimo chake. Mazungumzo hayo yalizaa utaratibu: mzigo hupokelewa kwa tani kama ilivyo kwenye ankara ya msambazaji, kisha tofauti ya vipande huingizwa kama marekebisho ya stoo yenye saini ya meneja.

Sasa ingiza zoezi lenyewe. Pokea tani 2 kwa shilingi 2,256,000 kila moja, bila VAT. Stoo inapaswa kuonyesha vipande 188, kila kimoja kwa gharama ya shilingi 24,000, jumla shilingi 4,512,000. Uza vipande 30 kwa shilingi 29,500 kila kimoja, VAT ikiwa ndani. Pokea marejesho ya vipande 2. Mauzo yaliyobaki ni shilingi 826,000, ambamo VAT ni shilingi 126,000 na mauzo halisi ni shilingi 700,000. Gharama ya vipande 28 ni shilingi 672,000, faida ni shilingi 28,000, na stoo imebaki na vipande 160 vyenye thamani ya shilingi 3,840,000.

Ukipata VAT ya shilingi 148,680, mfumo umepangwa kukokotoa asilimia 18 ya bei ambayo tayari ina kodi ndani yake, na bei zako zote za rejareja zinahitaji kuangaliwa upya. Makosa ya kipimo yana hila kuliko hayo. Mpokeaji akiacha kipimo kikasomeka "kipande" badala ya "tani", stoo itaonyesha vipande 2 vyenye thamani ya shilingi 4,512,000. Mhasibu akiangalia urari hataona tatizo, kwa kuwa thamani ni sahihi na deni la msambazaji ni sahihi. Kosa litajitokeza wakati wa kuuza: vipande 30 vitatoka vikiwa na gharama ya shilingi 2,256,000 kila kimoja, stoo itasoma hasi 28, na ripoti ya faida itaonyesha gharama ya shilingi 67,680,000 kwa mauzo yasiyofika milioni moja. Fanya kosa hili kwa makusudi kwenye kanzidata ya mazoezi, mbele ya mtunza stoo na mhasibu wote wawili, kisha waonyeshe namna ya kulirekebisha. Jaribu pia kama mfumo unaweza kupangwa ukatae kuuza stoo ikiwa hasi. Kama unaweza, jadilianeni na watu wa kaunta kabla ya kuuwasha upangaji huo, kwa sababu mzigo mara nyingi hufika dukani kabla ya karatasi zake.

Kila jaribio liandikwe kwenye daftari: kilichofanywa, kilichotarajiwa, kilichopatikana, na jina la aliyefanya. Pasipo daftari, baada ya wiki mbili hakuna atakayekumbuka kama marejesho ya mkopo yalijaribiwa au yalizungumzwa tu.

Hatua ya nane: Fundisha kwa nafasi ya kazi

Mfundishe keshia kazi ya keshia, akiingia kwa akaunti yenye haki za keshia. Kumfundisha kwa akaunti ya msimamizi kunampa menyu ambazo hatazikuta kaunta, na kunakunyima nafasi ya kugundua kwamba haki zake zimepangwa vibaya. Mwambie ajaribu kubadilisha bei, kufuta ankara ya jana na kufungua ripoti ya faida. Kinachofunguka na hakikupaswa kufunguka kirekebishwe siku hiyohiyo, kwenye mazoezi na kwenye kazi.

Baada ya njia iliyonyooka, mletee siku mbaya. Chomoa umeme wa kompyuta yake katikati ya mauzo, kama TANESCO ingekata, kisha muulize: mauzo yale yameingia au hayajaingia, na utajuaje kabla ya kumuuzia mteja mara ya pili? Waweke makeshia wawili wauze mfuko wa mwisho wa saruji kwa wakati mmoja. Mpe mteja anayelipa nusu taslimu na nusu kwa simu, anayetaka ankara iandikwe kwa jina la kampuni baada ya risiti kutoka, na anayerudisha bati alizonunua kwa mkopo mwezi uliopita. Wafanyakazi wenye umri mkubwa mara nyingi husita kukosea mbele ya vijana. Wape saa yao peke yao, na uwaache waivuruge kanzidata wapendavyo, kwa maana nakala safi ipo na kuirejesha ni dakika chache.

Mtu asihamishiwe kaunta mpaka amemaliza zoezi zima la siku, peke yake, jumla zake za jioni zikikubaliana na karatasi ya majibu.

Hatua ya tisa: Toleo jipya, na Julai 1

Muuzaji anapoleta toleo jipya la mfumo, rejesha nakala ya jana usiku, ifunike, isakinishie toleo jipya, na uandike muda uliotumika kuanzia mwanzo hadi mwisho. Muda huo ndio utakaokuambia kama kazi yenyewe inatosha usiku mmoja au inahitaji Jumapili nzima. Halafu linganisha urari wa kabla na wa baada, shilingi kwa shilingi, pamoja na umri wa madeni na thamani ya stoo. Chapa ankara moja ya kila aina, kwa sababu toleo jipya hupenda kurudisha muonekano wa karatasi kwenye umbo la kiwandani.

Kipindi kingine cha majaribio kinajulikana kila mwaka. Bajeti ya Serikali husomwa bungeni hapa Dodoma mwezi Juni, na mabadiliko mengi ya kodi huanza kutumika Julai 1 kupitia Sheria ya Fedha. Zipo siku chache tu katikati, nazo zitumike: weka viwango vipya kwenye kanzidata ya mazoezi kwa tarehe ya Julai 1, kisha uza kitu kwa tarehe ya Juni 30 na kingine kwa Julai 1, na urudishe mwezi Julai bidhaa iliyouzwa Juni. Muamala huo wa mwisho unapaswa kurudisha kodi kwa kiwango cha siku ya mauzo. Viwango viingizwe kwenye kanzidata ya kazi baada ya sheria kupitishwa, kwa kuwa kinachosomwa katika hotuba huweza kubadilika wakati wa mjadala.

Hatua ya kumi: Kuhamisha, kuhuisha na kufuta

Kilichothibitika katika mazoezi huhamishiwa kwenye kazi kwa orodha iliyoandikwa, mpangilio mmoja baada ya mwingine, na mtu wa pili akisoma huku wa kwanza akiingiza. Usihamishe miamala, wala usirejeshe kanzidata ya mazoezi juu ya ile ya kazi kwa hoja kwamba "imeshapangwa vizuri". Ndani yake mna wateja wasio na majina na mishahara ya kubuni.

Huisha kanzidata ya mazoezi kila bidhaa, bei au haki za watumiaji zinapokuwa zimebadilika kiasi cha kuwachanganya wanaojifunza. Kwa duka la kawaida, mara moja kwa robo mwaka hutosha, pamoja na kabla ya kila toleo jipya. Watangazie watumiaji siku mbili kabla, kwa sababu kazi zao zote za mazoezi zitafutika. Kila unapohuisha, hatua ya tatu na ya tano hurudiwa kuanzia mwanzo, hata kama zilifanyika mwezi uliopita, kwa kuwa nakala mpya imekuja na funguo zake upya.

Nakala za zamani zifutwe, na orodha ya mahali zilipo iwe kwa mtu mmoja. Angalia hasa kompyuta mpakato ya fundi aliyekuja kusakinisha na flashi iliyotumika kubeba faili kutoka Kizota hadi Majengo. Faili lililobaki humo halijapita hatua ya tano, na majina, madeni na namba za simu za wateja wako wote zimo. Fundi alifute mbele yako kabla hujasaini hati ya kukamilika kwa kazi.